Gimbi la mtaroni: sufuria haimalizi kila kitu

Mhariri,

Kila masika, magimbi yanapostawi kandokando ya mito na mitaro, ushauri unaosikika sokoni ni mmoja: yakiwasha, yaongezee moto. Hiyo ni nusu ya kazi. Kuwasha ni tatizo la jikoni. Maji ya mahali yalikoota magimbi hayo ni tatizo jingine, na hilo sufuria hailiwezi.

Gimbi (Pwani jimbi, Kenya nduma) limejaa vijisindano vya kalsiamu oksaleti, kuanzia kiazi hadi jani, navyo huchoma ngozi, ulimi na koo. La mwitu mara nyingi huwasha kuliko la shambani. Limenye likiwa kavu, mikono umeipaka mafuta, maana utelezi wake ukikutana na maji ndipo kuwasha kunapozidi. Kata vipande vya unene wa vidole viwili, chemsha kwa maji mengi dakika 45 hadi saa nzima, kisha yamwage maji hayo. Wapo wanaoyafanya supu! Oksaleti inayoyeyuka imehamia humo, na mwenye mawe ya figo ndiye wa kwanza kuumia. Majani nayo yapewe muda uleule; kuyapika dakika tano kama mchicha ni kujitafutia koo la kuvimba. Aliyewashwa asukutue kwa maji baridi au anywe maziwa. Akianza kupumua kwa shida, apelekwe hospitali mara moja.

Kabla ya kuchimba, geuza jani. Kikonyo cha gimbi hushika jani upande wa chini, ndani kidogo ya ukingo, na ncha ya jani huinamia ardhini. Kikonyo kikishika ukingoni kabisa, au jani likielekeza ncha juu, huenda ni ndugu zake wa mapambo, wasioliwa. Liache.

Sasa maji. Mtaro unaopita kwenye gereji, sehemu za kuoshea magari au viwanda hubeba metali zenye sumu kama risasi na kadimiamu, na mmea huzinyonya. Kuchemsha huua vijidudu. Metali hubaki palepale. Katika kinamasi cha Nakivubo, Kampala, majitaka ya jiji hupita kuelekea Ziwa Victoria, na magimbi hulimwa humohumo. Gimbi la namna hiyo huweza kuwa nene na laini kabisa, halafu likapita mtihani wa ulimi bila shida yoyote. Kwa hiyo usiulize kama linawasha, uliza limechimbwa wapi: juu ya mji, kabla maji hayajaupitia, au chini yake, baada ya kuupitia?

Mchimbaji mwenyewe avae mabuti marefu, kwani vimelea vya kichocho hupenya ngozi ya mguu uliosimama majini.

Anayeishi chini ya mji asikate tamaa. Achukue vichipukizi, avioshe tope lote, avipande bondeni kwenye maji ya chemchemi, kimoja kila nusu mita au zaidi kidogo. Atavuna baada ya miezi 6 hadi 12.

Wasomaji wako,
Bukoba