Madaftari ya waandishi wa michezo yakusanywe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nieleze jambo linaloniuma tangu nilipostaafu uandishi wa habari za michezo, kazi niliyoianza wakati Uwanja wa Uhuru ungali ukiitwa Uwanja wa Taifa.

Siku Simba ilipofungwa mabao 2-0 na Stella ya Abidjan katika fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993, baada ya sare ya bila kufungana ugenini, nilibaki jukwaani nikimalizia habari yangu kwa penseli huku mashabiki wakitoka kimya kuelekea Barabara ya Chang'ombe. Redio ilikuwa imekwisha kutangaza matokeo. Kazi ya gazeti ilikuwa kuyaeleza, na zaidi ya hapo kuyatunza, ingawa wakati ule hilo la pili hatukulifikiria sana.

Leo klabu zinatangaza usajili na vikosi katika kurasa zao zenyewe mitandaoni, na kijana wa dawati la michezo, ambaye mara nyingi hulipwa kwa habari moja moja, hunakili alichopewa kwa sababu hana nauli ya kwenda mazoezini kuuliza maswali. Simlaumu. Wanunuzi wamepungua, matangazo yamehama, na wengi huishia kusoma vichwa vya habari mezani kwa muuzaji kisha wakaondoka.

Linaloniuma ni kumbukumbu. Rekodi ya dunia ya mita 1500 aliyoiweka Filbert Bayi huko Christchurch mwaka 1974, ya dakika 3 na sekunde 32.2, inatunzwa na dunia nzima. Lakini mechi ya ligi iliyochezwa Tabora au Tanga siku ya kazi, mbele ya watazamaji wachache, ilitunzwa na mwandishi mmoja na gazeti lake, na gazeti hilo likipotea, mfungaji wa bao lile amepotea nalo. Gazeti moja nililolitumikia lilipohama ofisi, majalada yake ya miaka mingi yaliuzwa kwa kilo, na baadaye nikauziwa maandazi yaliyofungwa kwa ukurasa wa michezo ambao niliuhariri mwenyewe.

Kwa hiyo naomba wahariri, kwa kushirikiana na Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF) na Maktaba ya Taifa, wayapige picha majalada yaliyosalia na wayakusanye madaftari ya waandishi wa zamani wangali hai, kwa maana wengi wetu tunayo chini ya vitanda, na watoto wetu hawajui ni ya nini. Yangu ni 41, mawili yameshalowa mvua za masika. Niko tayari kuyaleta ofisini kwako na kukaa na kijana atakayepewa kazi ya kuyanakili, kwa sababu vifupisho nilivyoandikia vikosi na dakika za mabao sikumfundisha mtu mwingine yeyote.

Mwandishi wa michezo mstaafu,
Temeke, Dar es Salaam