Kabla hujapiga rangi gari lako la zamani, shughulikia kutu kwanza

Wateja wanaotuletea Land Rover za zamani, Peugeot 504 na Volkswagen Beetle karibu wote huanza na swali moja: kupiga rangi gari zima ni shilingi ngapi? Huwa hatutaji bei mpaka tulione bati lenyewe. Gari lililolazwa miaka mingi Raskazone au Sahare, hapa Tanga, upepo wa bahari ukilipiga usiku na mchana, linaweza kung'aa kwa nje huku sili zake, yaani mabati marefu ya chini ya milango, zimebaki ganda. Ukilipiga rangi hivyo hivyo, umelipia miezi michache ya kupendeza.

Kutu inahitaji chuma, maji na hewa tu. Chumvi inaiharakisha, na pia inavuta unyevu, ndiyo maana bati la Tanga hulowa hata siku ambazo mvua haijanyesha. Kutu nayo hujaa nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, kwa hiyo huinua rangi na kutoa vile vipele unavyoviona chini ya milango na pembeni mwa fenda. Kipele kikishatokea nje, mara nyingi upande wa ndani umeshaliwa zamani.

Kupima si kazi ngumu, na unaweza kuifanya mwenyewe nyumbani. Chukua sumaku ndogo uifunge kitambaa, uipitishe taratibu kwenye bodi. Inapoacha kushika, hapo pana puti nene, ule udongo wa kujazia mabonde ya bodi. Angalizo kwa wenye Land Rover za zamani: sehemu kubwa ya bodi yake ni aluminiamu, sumaku haitashika kabisa, na hilo si kosa. Kutu ya gari hilo itafute kwenye chasisi na kwenye ukuta wa chuma unaotenganisha injini na abiria. Pale aluminiamu inapogusana na chuma penye maji ya chumvi, aluminiamu ndiyo huliwa, ikawa unga mweupe. Kwenye Beetle nyanyua kiti cha nyuma utazame sakafu chini ya betri. Kisha chukua bisibisi ugongegonge sehemu unazozitilia shaka. Ikizama, msasa hautakusaidia.

Kutu ya juu juu, isiyotoboa, unaweza kuitibu ukiwa nyumbani. Jambo la kwanza, ambalo watu wengi huliruka, ni kuosha gari kwa maji mengi yasiyo na chumvi, chini na ndani ya fenda, na kuliacha likauke kabisa. Ukianza kusugua bila kuosha, unaishindilia chumvi ndani ya vishimo vya chuma, na kutu itarudi hapo hapo. Zibua pia matundu ya kutolea maji yaliyo chini ya milango. Hayo yakiziba tope, mlango unageuka ndoo. Ndipo usugue kwa brashi ya waya, kisha msasa namba 80, mpaka uone chuma cheupe. Kwenye vishimo vilivyobaki vyeusi paka dawa ya kutu. Nyingi zina asidi ya fosforasi, nyingine zina tanini, ambayo ni jamii ile ile ya kitu kilichomo kwenye magome ya mikoko yaliyotumika kulainishia ngozi. Dawa hizi hubadilisha kutu nyembamba iliyobaki. Hazirudishi chuma kilichokwisha. Ukimaliza, paka praima ya epoksi, yaani rangi ya msingi, siku hiyo hiyo. Kwa unyevu wetu, chuma kilicholala uchi usiku mmoja asubuhi kimeshapata rangi ya chai.

Palipotoboka panakatwa mpaka chuma kizima, kinachomelewa kipande kipya cha bati la geji 20 hivi. Tunachomelea kwa nukta, moja huku na nyingine kule, ili bati lisipinde kwa moto. Hapa tunakusihi usijaribu nyumbani kama si fundi: betri inafunguliwa, tanki la mafuta linashushwa, na mazulia yote yanatolewa kabla cheche ya kwanza haijaruka. Kuziba tundu kwa wavu na puti hatufanyi, hata mteja akituomba. Puti hunyonya maji kama sponji, ikayaweka juu ya chuma masika nzima. Kazi yake ni kusawazisha mabonde madogo juu ya chuma safi, basi.

Kuhusu rangi yenyewe, hali ya hewa ndiyo inayoamua. Thina, kimiminika cha kuzimulia rangi, ikiruka hulipoza bati, na hewa ikiwa na unyevu mwingi, umande hutua kwenye rangi mbichi ikawa na ukungu mweupe. Wakati wa masika tunaahirisha kazi kubwa, na mteja mwenye haraka tunamweleza sababu. Kaskazi ya Januari na Februari ni nzuri zaidi, ila jua la mchana nalo hukausha rangi hewani kabla haijafika, ikatua ikiwa na chengachenga. Sisi hupiga asubuhi, umande ukishakauka na upepo haujaanza kuleta vumbi.

Rangi za kisasa zinazochanganywa na hadina, dawa ya kugandisha rangi, usizipulize uani kwako. Hadina hizo zina isosayanati, inayoweza kukuachia pumu ya kudumu, na barakoa ya kitambaa au ya vumbi haizuii chochote. Watoto na majirani wanaivuta pia. Maandalizi fanya nyumbani, upulizaji tuachie sisi.

Wapo wanaotuomba tupulize oili chafu chini ya gari baada ya kazi. Inachelewesha kutu kidogo, lakini inaharibu mipira ya bushi na kumwagika ardhini. Tunatumia nta ya kupuliza ndani ya sili, milango na chasisi, rangi ikishakauka, na tunashauri irudiwe kila baada ya masika.

Ukituletea gari, lilete limeoshwa na bila puti mpya. Tutaling'oa mapambo na mazulia, tutalikagua ukiwepo, na sehemu zilizooza tutazichora kwa chaki. Bei ya bati na bei ya rangi tunakuandikia mbalimbali, ili bajeti ikiwa ndogo tuchomelee mwaka huu, gari litembee na praima yake, rangi ifuate ukijaliwa.