Lile si joka, wala si dhahabu tupu

Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili kuhusu dhahabu za kale niliisoma mara mbili, maana kazi ya usonara haiandikwi sana magazetini. Lakini maelezo mliyoweka chini ya picha ya bangili ya hazina ya Oxus, dhahabu za Waajemi wa kale zilizopatikana kando ya mto Oxus (Amu Darya) huko Asia ya Kati, yamenikera.

Mmemwita yule mnyama joka. Joka ni nyoka mkubwa. Yule ni grifini, kiumbe wa kubuni mwenye mwili wa simba na mabawa ya tai, na Waajemi wakamwotesha pembe juu yake.

Hilo nalisamehe. Lililonishinda ni pale mliposifu "uzuri wa dhahabu tupu". Nimekaa na koleo na tupa miaka 26, na vishimo vile vya mabawani na mwilini navijua kazi yake. Fundi hahangaiki kusimamisha kuta nyembamba namna ile ili aache matundu! Vilikuwa vya kupachikia vito au vioo vya rangi, na karibu vyote vimedondoka. Dhahabu haishiki kutu, ila kito kikishalegea hakina muda. Aliyeivaa bangili ile karne ya 5 au ya 4 KK alivaa mnyama mwenye rangi zake. Iliyobaki kwenye makumbusho London ni mifupa.

Halafu mmewatia Waajemi na Waskithi, wafugaji wahamaji wa kale wa nyika za kaskazini mwa Bahari Nyeusi, kapu moja. Grifini wawili wa ncha za bangili ile wametazamana tu, kama walinzi wa mlango. Sasa kitazameni kidani cha Kiskithi alichokifukua mwanaakiolojia Borys Mozolevsky huko Ukraine mwaka 1971, kaburini Tovsta Mohyla: dhahabu ya zaidi ya kilo 1. Safu ya chini, grifini wamemwangusha farasi na wanamrarua. Safu ya juu, wanaume wawili vifua wazi wanashona vazi la ngozi ya kondoo, na pembeni kuna anayekamua. Wataalamu wengi wanaona ni mkono wa fundi wa Kigiriki. Mimi sishangai, mteja ndiye anayechagua picha, na huyu alikuwa mtu wa farasi na mifugo.

Mkiirudia picha ya bangili, ikuzeni pale bawani, vishimo vionekane.

Sonara,
Mombasa