Kripto ahadi nyingi, kazi iko wapi?

Mhariri, hizi stori za kripto, yaani pesa za kidijitali kama Bitcoin, zimezidi jamani. Tuliambiwa blokcheni, yaani daftari la pamoja la kwenye kompyuta linaloweka rekodi zisizofutika, itaondoa madalali na pesa itavuka mpaka kwa bei rahisi, lakini hapa Busia mama wa nyanya bado analipwa kwa mobile mani, maana Bitcoin yenyewe inapitisha miamala kama 7 tu kwa sekunde na bei haitulii, Novemba 2021 Bitcoin moja ilikuwa karibu dola 69,000, mwaka uliofuata ikashuka chini ya 17,000, sasa nani ataweka mtaji wa nyanya humo? Benki Kuu ya Uganda ilishaonya kuhusu OneCoin, utapeli uliojifanya kripto, mwaka 2017, na bado vijana wanauza boda waingie vitu vya aina hiyo! Rekodi isiyofutika ni kitu kizuri, siikatai, ila shamba likiandikwa kwa jina la mwizi tangu mwanzo, blokcheni itamtunzia mwizi tu. Andikeni na hayo, sio bei peke yake.

Msomaji wenu, Busia