Sarafu zetu nazo zinataka maelezo mgongoni

Mhariri,

Mimi ni fundi cherehani hapa Mikindani, na katika kopo langu la vifungo nina sarafu za zamani mia na ushei. Nyingi nimerithi kwa bibi yangu, chache nimezikuta mifukoni mwa makoti ya marehemu yaliyoletwa kupunguzwa.

Likizo hii mjukuu wangu alikuja kutoka Dar es Salaam na kadi zake za wachezaji wa Ulaya. Alizitandaza barazani, na kabla chai haijachemka watoto wa mtaa walikuwa wamejaa tele. Kopo langu lilikuwa hapo hapo, hakuna aliyeligusa. Nikamuuliza kulikoni. Akanijibu: "Bibi, kadi ukiigeuza inakuambia mwenyewe ni nani. Hizi zako hazisemi."

Maneno yale yameniingia. Kwa bei sarafu hazijashindwa. Kadi ya Mickey Mantle wa besiboli, ya mwaka 1952, iliuzwa Marekani mwaka 2022 kwa dola milioni 12.6, sarafu ya dhahabu ya huko huko ya 1933 ilikwishauzwa mwaka mmoja kabla kwa dola milioni 18.9. Kwa watoto, lakini, kadi ziko mbali mno mbele.

Basi nikatoa senti kumi, ile yenye tundu na pembe mbili za ndovu zilizolizunguka, nikamwambia mjukuu asome maandishi. Edward wa Nane, 1936. Mfalme huyo wa Uingereza hakumaliza hata mwaka. Alijiuzulu Desemba, taji hajavishwa. Sarafu ya tundu haina nafasi ya sura, jina lake tu likagongwa, na likafika huku kwetu. Watoto wawili wakasogea. Mmoja akaiweka jichoni, akachungulia jua kwenye tundu, akauliza bibi yangu aliinunulia nini. Wengine wakarudi kwenye kadi.

Jirani yangu mmoja aliuza kopo zima la ndururu na thumni kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, kwa kilo. Simlaumu. Hakuna aliyewahi kumweleza alichokuwa nacho.

Ndiyo maana naliomba gazeti lako litenge nafasi ndogo, hata mara moja kwa mwezi: picha ya sarafu moja, mbele na nyuma, na mistari mitano ya maelezo. Pa kuanzia si mbali. Sarafu za masultani wa Kilwa, hapo mkoa jirani wa Lindi, ziliokotwa na mwanajeshi mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Mtoto wa Kilwa Masoko akilisoma hilo atataka kuiona.

Picha ya kwanza ikitoka nitaikata kwa mkasi wangu wa kazi, niigandishe kwenye karatasi ngumu kwa kipimo cha kadi za mjukuu wangu, maelezo yakae mgongoni.

Fundi cherehani,
Mikindani, Mtwara