Barua ya wazi kwa Mkuu wa Wilaya ya Bagamoyo: ushauri wa wataalamu usomwe na sokoni

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,

Assalaam aleikum. Nakaanga samaki hapa soko la ufukweni. Mwanangu alikuwa miongoni mwa watoto wa majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S, yaliyoanza mwaka 2009 hapa Bagamoyo na kule Korogwe. Nakuandikia kwa sababu mlipuko mwingine utakuja, na sitaki utukute kama korona ilivyotukuta.

Kabla ya sindano ya kwanza tuliitwa mkutanoni. Tukaelezwa kwamba baadhi ya watoto watapata chanjo ya malaria, na wengine wa rika la mwanangu watapata ya kichaa cha mbwa, na kwamba si mzazi wala muuguzi atakayejua nani kapata ipi. Tuliuliza mpaka adhuhuri. Bibi mmoja akauliza kama damu za watoto zinakwenda kuuzwa. Akajibiwa kwa heshima zote. Matokeo yalipotoka hayakupambwa: kwa watoto wa rika lile waliopata dozi nne, malaria ilipungua kwa kama asilimia 36 katika miaka minne. Nilitarajia zaidi, lakini niliwaamini kwa sababu hawakunificha udogo wake. Oktoba 2021, Shirika la Afya Duniani lilipoipendekeza chanjo ile kwa watoto wa Afrika, nililia kwa furaha.

Sasa linganisha na korona. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa Machi 16, 2020. Kuanzia Mei takwimu zikakoma, kwa zaidi ya mwaka. Hapa sokoni kila mtu akawa na dawa yake. Nyungu nilipiga na mimi, na simlaumu aliyepiga. Lakini Februari 2021 shemeji yangu alipofariki kwa kile kilichoitwa changamoto ya upumuaji, tulijazana matangani chumba kimoja, madirisha yamefungwa, na hakuna aliyetuambia hata tuyafungue. Hilo linaniuma mpaka leo.

Aprili 2021 Rais Samia aliunda kamati ya wataalamu, ikiongozwa na Profesa Said Aboud. Mei wakatoa ushauri wao, na sisi tukausikia: takwimu zitolewe, nchi ijiunge na COVAX, mpango wa dunia wa kugawana chanjo za korona. Julai 24 zikafika dozi 1,058,400 za chanjo, na Julai 28 Rais mwenyewe akachanjwa hadharani. Na Marburg, ugonjwa hatari wa virusi, ilipoingia Kagera mwaka 2023, ilitangazwa Machi 21, na Juni 2 tukaambiwa imekwisha, baada ya siku 42 bila mgonjwa mpya. Siku 42 ni mara mbili ya siku 21 ambazo virusi vile vinaweza kujificha mwilini. Hesabu hiyo hata muuza ng'onda anaielewa akielezwa.

Ombi langu ni moja. Siku Mganga Mkuu wa Wilaya atakapokuletea ushauri, usibaki mezani kwako. Usomwe pale kwenye mnada wa samaki na ubandikwe ukutani: wataalamu wamesema nini, wana hakika kiasi gani, na wewe umeamua nini. Sisemi lazima ufuate kila neno lao. Wao wanajua virusi. Wewe unapaswa kujua pia kwamba soko likifungwa siku tatu kuna watoto watakaolala njaa. Uamuzi ni wako. Ukiamua tofauti na walivyoshauri, tuambie kwa nini.

Na wakibadili kauli, tuambiwe siku hiyohiyo. Mwanzoni mwa korona tulisugua meza mpaka mikono ikachubuka. Baadaye ikajulikana kuwa hewa ya chumba kilichofungwa ndiyo ya kuogopa zaidi. Kubadilika kwao hakunishangazi, nilishawaona wakifanya kazi.

Karatasi hiyo ikikosa msomaji sokoni, niletee mimi. Nitaisoma kwa sauti kabla mnada haujaanza.

Wako mtiifu,
Mama mkaanga samaki, Dunda, Bagamoyo