Barua kwa shoga yangu ambaye mama yake ameanza kusafisha damu

Mbagala, Dar es Salaam

Shoga yangu mpenzi,

Assalam alaykum. Ujumbe wako wa sauti umenifikia na nimeusikiliza mpaka mwisho. Umeniambia mama ameanza mashine, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na kwamba kaka zako wamekaa kikao wakagawana gharama bila kelele. Nimewaombea dua, maana najua familia ambazo kikao kama hicho ndicho kilichowatawanya. Lakini kuna jambo umelitaja harakaharaka ukapita: kwamba Ijumaa mama alishindwa kupanda ngazi ya barazani, ikabidi mumnyanyue. Mimi nimebaki hapohapo kwenye ngazi.

Mashine inafanya kazi ya figo tu. Miguu, mgongo na mikono inarudi nyumbani kwako, na hospitali hakuna atakayekukabidhi maelekezo yake. Hili nimelijua kwa mama mkubwa, ambaye kabla ya figo kisukari kilishamchukua mguu chini ya goti. Sisi wote macho yalikuwa kwenye damu: vipimo vinasemaje, presha ngapi, uzito umepanda kiasi gani. Huku mapaja yake yanapukutika, tukidhani ni kukonda kwa ugonjwa na siku moja yatajaa tena.

Angalia mwili wenyewe unapitia nini. Kila mzunguko ni saa kama nne za kukaa kwenye kiti, mara tatu kwa wiki, bila kuhesabu foleni na njia. Anatoka kachoka, presha imeshuka, siku inaishia kitandani. Damu yake ni pungufu, kwa sababu figo ndizo zilizokuwa zikitoa homoni ya kuuhimiza mwili utengeneze damu. Madini ya mifupa hayakai sawa, mifupa inadhoofika, na mtu wa namna hiyo akianguka bafuni anaweza kuvunjika nyonga. Halafu mashine yenyewe, pamoja na uchafu, inaondoka na sehemu ya protini.

Hapa kwenye protini nataka usikilize vizuri. Najua mama aliambiwa zamani apunguze nyama na samaki ili figo zipumzike, na najua alivyo mtiifu. Ushauri ule ulikuwa wa kabla ya mashine. Sasa anahitaji zaidi, kwa kawaida gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mtu wa kilo 60 ni gramu 60 hadi 72, na yai moja lina kama gramu 6 tu. Mwombeni mtaalamu wa lishe wa pale pale kwenye kitengo awapangie, kwa sababu fosifeti na potasiamu, madini yaliyomo kwenye vyakula, bado ni ya kuangaliwa. Na ile achari ya mbirimbi anayoipenda, iondoeni kabisa: tunda lile lina oksaleti nyingi, aina ya asidi inayotolewa na figo, na figo zisizofanya kazi haziwezi kuitoa.

Mpwa wangu anasoma fiziotherapia, tiba ya viungo kwa mazoezi, katika hospitali ya KCMC, Moshi, na ndiye aliyetufumbua macho. Alinieleza utafiti mmoja wa Marekani uliotoka mwaka 2009, wa wazee 3,702 waliokuwa wakiishi kwenye nyumba za kutunzia wazee wakaanza dayalisisi, yaani hii kusafisha damu kwa mashine. Baada ya mwaka, asilimia 58 walikuwa wamefariki, na waliobaki na uwezo uleule wa kujihudumia waliokuwa nao mwanzo walikuwa asilimia 13 tu. Mama yako si wa kundi hilo. Alikuwa anapika mwenyewe na kwenda kwenye arusi za watu hadi juzi. Kilichonishtua mimi ni muda: ilipofika miezi mitatu ya kwanza tu, zaidi ya nusu ya wale wazee walikuwa wameshapoteza uwezo au maisha. Nyinyi sasa hivi mko ndani ya miezi hiyo, ndiyo sababu nimekaa kukuandikia barua nzima badala ya kukutumia pole.

Upande wa pili ni Italia. Huko walichukua wagonjwa 296 wa dayalisisi, karibu nusu yao wakapewa ratiba ya kutembea nyumbani, mwendo wa polepole, kwa dakika chache. Baada ya miezi sita waliotembea walikuwa wameongeza umbali wanaoweza kwenda kwa dakika sita, kutoka wastani wa mita 328 hadi 367. Wenzao walibaki palepale. Kwa mtu mzima na afya yake mita arobaini si kitu. Kwa mama ni kutoka kitandani kwenda chooni na kurudi, tena kwa miguu yake. Muulizeni daktari kama moyo wake unaruhusu, kisha siku zisizo za mashine atembee uani, apumzike, atembee tena. Hata kusimama na kukaa kwenye kiti mara kadhaa, huku wewe umesimama karibu, ni kazi kwa mapaja.

Siku ya mashine ni siku nyingine. Akimaliza asisimamishwe haraka. Akae kwanza pembeni ya kiti miguu ikiwa chini, umwangalie usoni, umwongeleshe. Akijibu vizuri ndipo asimame. Kwenye bajaji ageuke mgongo kwenye siti, akae, halafu ndipo miguu iingie. Madereva wana haraka na watamvuta mkono: simama upande wa mkono wenye fistula, ule mshipa uliounganishwa kwa upasuaji ili mashine ichukulie damu hapo, usimwachie mtu. Mkono ule hauvutwi, haupimwi presha, hautolewi damu ya vipimo, haubebeshwi ndoo, na bangili za kubana zivuliwe.

Kwa mama mkubwa lililotuuma zaidi lilikuwa choo. Choo chetu ni cha kuchuchumaa, na kwa mguu mmoja kuchuchumaa hakuna. Akawa anamtegemea mkwewe wa kiume amfikishe mlangoni, na kwa haya yake akaanza kukataa kula asubuhi za mashine. Sisi tukasema hana hamu. Mpwa wangu ndiye aliyekaa naye faragha akamuuliza, akasema ukweli huku amefunika uso kwa khanga. Fundi wa kuchomelea akatengeneza kiti cha chuma chenye tundu katikati, cha kuweka juu ya choo, na bomba la kushikia ukutani. Wiki ileile akaanza kula. Hakuna dawa tuliyoinunua iliyombadilisha kama kile kiti.

Nyumba nyingi hazifanyi hata hilo kwa sababu zinamsubiri mgonjwa apone ndipo waone. Figo zikifika pale haziponi. Ama mashine, ama kupandikizwa. Muhimbili wanapandikiza tangu 2017 na Benjamin Mkapa, Dodoma, tangu 2018, kwa hiyo ulizeni kama mama anafaa na kama kuna ndugu wa kumtolea figo. Lakini hata mkiwa kwenye safari hiyo, bomba la ukutani lifungwe leo. Na usione vibaya kwenda kwa ofisa ustawi wa jamii kumweleza kwamba mama hawezi tena kutembea bila kushikwa; Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 ipo kwa ajili ya watu kama yeye pia.

Sasa wewe. Kaka zako wanachanga fedha za mashine kwa sababu zina risiti. Kumwogesha, kumgeuza usiku, kufua mashuka, kukosa vipindi shuleni siku tatu kila wiki, havina risiti, kwa hiyo kikaoni havikutajwa na vimekuangukia wewe kimyakimya. Itisha kikao kingine. Usiende kulalamika, nenda na daftari: nani analala na mama siku gani, nani anampeleka Jumatano, dada wa kumsaidia analipwa na nani, na ni nani atamfundisha kunyanyua mtu bila kuumiza mgongo wake mwenyewe. Wifi zako pia waitwe, maana kazi nyingi mwishowe zitafika kwao na ni haki yao kusikia. Nakusihi kwa mapenzi yote, usikubali jibu la "wewe ndiye uliye karibu". Hii ni kazi ya miaka, Mungu akimjaalia mama miaka, na mimi namwombea awe nayo mingi.

Mpe salamu zangu, mwambie nakuja kabla ya mfungo. Na wewe nipimie vitu vitatu unitumie kwa simu: upana wa mlango wa choo, kimo cha kitanda chake kutoka sakafuni, na kimo cha ile ngazi ya barazani. Fundi wangu anasema akipata vipimo hivyo atatengeneza kiti na bomba hapa hapa, nije navyo kwenye basi.

Shoga yako akupendaye